Uzi: Gari lisilo na dereva, unamuuliza nani kuhusu ndani yake? Zana zetu za usanifu zimekwama wapi?

#1 MchoraMistari
Salaam wakuu. Nina dai, naomba mlipige mpaka lisimame au lianguke.

Zana tunazofundishana kila siku za usanifu unaomweka mtumiaji katikati (mahojiano, pesona yaani mtumiaji wa kubuni, ramani ya safari yaani hatua anazopitia mtumiaji, kadi za kupanga) zote zinachota kwenye mazoea. Unamkuta mtu anatumia kitu, unamtazama anakwama wapi, unarekebisha. Hata kiwango cha usanifu cha ISO 9241-210 kinaanzia hapo: elewa mazingira ya matumizi, andika mahitaji, buni, pima, rudi tena. Sasa chukua gari la ngazi ya 4 au 5 kwa mpangilio wa SAE J3016, yaani linalojiendesha bila kumtegemea mtu. Mazingira yake ya matumizi utayaelewa wapi, wakati watu wengi hawajawahi kukaa ndani yake hata mara moja?

Ukimuuliza mtu atafanya nini humo, atakujibu kulala, kusoma, kufanya kazi, kupiga soga. Mbunifu anayachukua majibu yalivyo, anavigeuza viti vitazamane, anatia meza katikati, gari la maonyesho limekamilika. Mercedes-Benz F 015 ya Januari 2015 ilikuja na viti vinne vya kuzunguka. Volvo 360c ya 2018 ikaja na kitanda. Miaka imepita, na magari yanayobeba abiria kweli bila dereva ni yale yale ya viti vinavyotazama mbele, usukani umebaki mahali pake.

Dai langu: kosa liko kwenye zana. Tunampa mtumiaji swali asiloweza kulijibu, kisha jibu lake tunaliita hitaji. Nani anapinga?

#2 Tufe165
Nimewahi siti. Naona huu utafika mbali.

#3 NyongaKwanza
Napinga mimi. Zana hazina kosa hapo, kosa ni la milimita.

Fuata hesabu. Kutoka makalio hadi goti, mwanamume wa pasentaili ya 95 (anayewazidi 95 kati ya 100) ana karibu mm 660. Wawili wakitazamana magoti yamegusana, tayari ni mm 1,320. Weka mm 100 za kutenganisha magoti. Weka unene wa migongo miwili ya viti, mm 100 kila mmoja kwa uchache, kwa sababu kiti cha kuzunguka hubeba mkanda wake chenyewe na kinahitaji chuma. Kisha mlalo: mgongo wa kiti wenye urefu wa mm 600 ukilala digrii 25, ncha yake ya juu inarudi nyuma karibu mm 250, na migongo iko miwili. Jumla mm 2,120, na hujaweka mlango, mzigo wala boneti.

Ndiyo maana F 015 ilikuwa na urefu wa mita 5.22 na umbali wa mita 3.61 kati ya ekseli. Hiyo nafasi haikutoka kwenye pesona, imetoka kwenye magoti. Na kiti kikizunguka, kinachogonga ukuta si kiti, ni magoti na vidole vya miguu. Duara la mzunguko lichorwe na mtu amekaa. Michoro mingi huchorwa kiti kikiwa kitupu, kisha watu wanashangaa kiunzi kikishajengwa.

#4 Zamu_ya_Usiku
Mleta uzi, sahihisho moja. Si kweli kwamba viti vya kutazamana havijafika barabarani. Kampuni ya Zoox ilionyesha gari lake lisilo na dereva Desemba 2020: abiria wanne, wawili kwa wawili wanatazamana, halina usukani wala pedali, linakwenda pande zote mbili bila kugeuka. Septemba 2025 likaanza kubeba watu wa kawaida Las Vegas. Tena ni fupi, mita 3.63 tu. Kwa hiyo na hesabu ya #3 inahitaji maelezo.

#5 NyongaKwanza
Maelezo ni rahisi. Halina boneti. Viti vimesukumwa mpaka ncha mbili za gari, migongo imesimama kuliko digrii 25, na havizunguki. Ukiondoa mzunguko na mlalo unaokoa zaidi ya nusu mita papo hapo. Hilo ni gari la safari fupi za mjini. F 015 iliahidi sebule ya safari ndefu. Huwezi kuvipima kwa rula moja.

#6 MchoraMistari
Zamu_ya_Usiku, sahihisho nimelipokea, sentensi yangu ilikuwa pana mno. Lakini Cruise Origin, gari jingine lisilo na dereva, nayo ilikuwa ya kutazamana, ilionyeshwa Januari 2020, mpango wake ukasimamishwa 2024. Swali langu bado lipo: mpangilio wa kutazamana ulichaguliwa kwa ushahidi gani wa mtumiaji?

#7 BintiMawimbi
Mnazunguka pembeni ya jambo kubwa: kichefuchefu.

Mwili unachefuka pale macho yanaposema "tumetulia" huku sikio la ndani likisema "tunasogea". Majaribio ya O'Hanlon na McCauley ya 1974, ya mwendo wa juu na chini, yalionyesha kwamba mtikisiko mbaya zaidi uko karibu na Hz 0.2, yaani wimbi moja kila sekunde 5. Kufunga breki, kuondoka, kukata kona, foleni ya simama-nenda: mwendo wa gari mjini unaangukia jirani na hapo hapo. Dereva hachefuki kwa sababu anajua kona kabla haijafika. Gari linalojiendesha linamgeuza kila mtu abiria, na ukimgeuzia nyuma umemnyang'anya hata ile dalili ndogo ya barabara inayokuja.

Sasa yatazame yale majibu ya mahojiano: kusoma, kufanya kazi, kutazama skrini. Yote ni macho chini. Mtu amekaa ofisini kwenye kiti kisichotikisika, anakwambia angependa kusoma. Hadanganyi. Mwili wake tu haukuwepo kwenye mahojiano.

Kwa vitendo:
– Skrini ipande hadi usawa wa dirisha, barabara ionekane pembezoni mwa jicho. Skrini ya usawa wa droo ya dashibodi huchefua zaidi. Hilo limepimwa.
– Ukingo wa chini wa dirisha usipande. Wabunifu wanaupandisha kwa ajili ya faragha, na hapo upeo wa macho unapotea.
– Mwambie abiria kabla ya kona, kwa mwanga unaosogea upande wa kona au mtetemo mdogo wa kiti. Sekunde moja au mbili kabla. Ukichelewa ukatoa ishara pamoja na kona yenyewe, haina faida.
– Linganisha mipangilio kwa MSDV, dozi ya kichefuchefu: kipeo cha pili cha mchapuko (kasi inavyobadilika) uliochujwa, kijumlishwe kwa muda wote, kisha kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Mchapuko ukiwa mara mbili, dozi ni mara mbili. Muda ukiwa mara nne, dozi ni mara mbili.

Hicho cha mwisho kinaua majaribio mengi. Dakika 10 zinakupa nusu tu ya dozi ya dakika 40. Mtu anashuka anatabasamu, ripoti inaandikwa "hakuna tatizo".

#8 Desimali
Naunga mkono ila kwa tahadhari. Kichujio kilichomo ISO 2631-1 kwa ajili ya kichefuchefu kimejengwa juu ya mwendo wa juu na chini, data nyingi zikitoka melini. Gari linachefua zaidi kwa mbele-nyuma na kushoto-kulia. Kukitumia kulinganisha kiti A na kiti B kwenye njia moja, sawa. Kukitumia kutabiri asilimia ya watakaotapika garini ni kukisia.

#9 BintiMawimbi
Sahihi kabisa, asante. Ndiyo maana nambari hiyo haitoshi peke yake, muulize na mtu. Kipimo cha MISC, ambacho mtu anajipimia kichefuchefu mwenyewe, ni rahisi: 0 hadi 10, anataja nambari kila dakika bila kuinua macho kwenye kazi yake. 1 ni kutojisikia sawa tu, 2 hadi 5 ni joto, jasho, kizunguzungu, kichwa kuuma, 6 kichefuchefu kimeanza, 10 ametapika. Simamisha akifika 6. Ukingoja 8 unamtesa, na data ya ziada hupati.

#10 Kingo
Mimi nawaletea sababu ya tatu, na kwangu ndiyo ya kwanza: ajali.

Kiti cha kawaida, ncha ya juu ya mkanda imefungwa kwenye nguzo ya mwili wa gari. Kiti kikizunguka, mkanda lazima uhamie kitini. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vishikizo vya mikanda, UN R14, kwa magari madogo inavuta kilonyutoni 13.5 kifuani na 13.5 nyongani kwa wakati mmoja, na mkanda ukiwa kwenye kiti unaongeza nguvu ya mara 20 ya uzito wa kiti chenyewe. Ile ya kifuani peke yake, ukiivuta nusu mita juu ya sakafu, ni karibu kilonyutoni-mita 6.75 kwenye egemeo la kuzungukia. Egemeo hilo hilo liwe jembamba, liwe kimya, lizunguke kwa kidole kimoja, lisiwe na mchezo hata baada ya miaka. Hapo ndipo bajeti na uzito wa kiti vinapotoroka.

Kitanda ni kigumu zaidi. Mgongo wa kiti ukilala sana, nyonga inageuka kurudi nyuma, na gari likigonga mkanda wa kiunoni unateleza kutoka kwenye mfupa na kuingia tumboni. Mtu anapita chini ya mkanda. Dawa zinazojaribiwa ni kuinua ukingo wa mbele wa kikalio, kuweka vikaza-mkanda pande zote mbili za kiuno, au kukisimamisha kiti sensa zikiona ajali inakuja. Hiyo ya mwisho inahitaji muda, na muda ndio kitu kisichokuwepo.

Marekani, NHTSA (mamlaka ya usalama barabarani) ilitoa kanuni Machi 2022 ya magari yasiyo na usukani. Watu waliisoma kama ruhusa ya kufanya chochote ndani. Sivyo. Inasema abiria walindwe kwa kiwango kile kile cha zamani.

#11 Tufe165
Na ile meza ya katikati ndiyo inayonikera. UN R21 inavikagua vitu vya ndani kwa tufe la kipenyo cha mm 165 linalowakilisha kichwa. Panapofikiwa na tufe hilo, ukingo mgumu usiwe na mviringo wa chini ya mm 2.5, na kwenye pigo la kichwa mpunguo wa kasi usizidi g 80 kwa zaidi ya milisekunde 3. Meza ya mbao ngumu mbele ya tumbo la mtu unaipitishaje hapo? Ikunjwe gari likianza kuondoka, au iwe laini kiasi kwamba kikombe hakisimami. Katikati ya hayo mawili sijaona jibu zuri bado.

#12 Zamu_ya_Usiku
Treni zina meza na viti vya kutazamana tangu enzi. Na teksi nyeusi za London zina viti vya kukunja vinavyotazama nyuma. Mbona huko hakuna kelele?

#13 Kingo
Treni inafunga breki taratibu, na haigongani uso kwa uso na lori kila siku, ndiyo maana abiria wake hata mkanda hana. London vile ni viti vya ziada, safari fupi, anayechefuka anahamia kile kingine. Mfano wako ni mzuri kwa jambo moja: unaonyesha watu *wanakubali* kukaa hivyo. Hauonyeshi kwamba gari dogo la kasi linaweza kuwalinda wakikaa hivyo.

#14 PaziaJeusi
Narudi kwenye dai la #1, maana limesahauliwa. Zana ya kumwekea mtu mazingira yasiyokuwepo ipo: dereva aliyefichwa. Stanford waliweka kizuizi kati ya dereva na mshiriki aliyekaa kiti cha mbele cha abiria, njia ya kweli, magari ya kweli pembeni. Mwaka 2017 huko Virginia, dereva alivikwa joho lililofanana na kiti, gari likaonekana tupu kwa waenda kwa miguu.

Namna ya kuliandaa kwa ajili ya kupima ndani ya gari:

1. Kizuizi cheusi kutoka dari hadi sakafu, kimepigwa sponji upande wa dereva. Sauti ya kiashiria cha kukata kona ikisikika pamoja na mkono kugonga usukani, mchezo umekwisha.
2. Kitufe cha "anza safari" upande wa mshiriki, kinawasha taa ndogo kwa dereva. Dereva asiondoke kabla ya taa, na asichelewe. Kitufe cha "simama pembeni" kiwe na taa ya rangi nyingine.
3. Dereva mmoja kwa washiriki wote. Ukibadili dereva umebadili gari.
4. Kipima-mchapuko sakafuni, usomaji 100 kwa sekunde. Mwisho wa siku linganisha safari. Dereva akichoka, breki zinakuwa kali, na utaliona kwenye mstari kabla yeye hajakubali.
5. Mshiriki aelezwe ukweli kabla hajaondoka, na awe na haki ya kufuta data yake. Hili halina mjadala.

Ramani ya safari unaichora *baada* ya hapo. Kabla yake ni utunzi.

#15 BintiMawimbi
Hatua ya 1 inavunja kipimo changu. Kizuizi cheusi kimeziba dirisha la mbele, kwa hiyo kichefuchefu utakachopata ni cha pazia, si cha mpangilio wa viti. Weka kamera mbele na skrini kubwa juu ya kizuizi, au kubali kwamba jaribio hilo ni la imani na mazungumzo tu.

#16 PaziaJeusi
Nakubali nusu. Skrini ya kamera huleta picha kwa kuchelewa kidogo, na ucheleweshaji wenyewe unachefua. Bora kukaa kiti cha nyuma na kizuizi cha nusu upana: dirisha la mbele upande wa abiria linabaki wazi, dereva yuko upande wake amezibwa.

#17 Desimali
Kabla hamjaenda mbali, nambari tatu zinazotumika vibaya kwenye ripoti za aina hii.

SUS, dodoso la urahisi wa kutumia. Maswali 10. Ya namba witiri toa 1 kwenye jibu, ya namba shufwa toa jibu kwenye 5, jumlisha, zidisha kwa 2.5. Matokeo ni 0 hadi 100 lakini SI asilimia. 68 ni takriban wastani wa mifumo iliyopimwa, haina maana kwamba theluthi mbili ya watu wameridhika. Tena SUS imeundwa kupima mfumo unaotumiwa. Kukaa tu kitini hakupimiki nayo. Ibakize kwenye skrini na vitufe.

NASA-TLX, mizani sita ya mzigo wa kazi, ya 1988. Abiria hana kazi, atakupa nambari ndogo kila mahali na utadhani umefaulu. Mahali pake ni ngazi ya 3, pale mtu anaporudishiwa usukani. UN R157, kanuni ya magari ya namna hiyo, inataka gari liendelee kujiendesha angalau sekunde 10 baada ya kumwita dereva kabla ya kuanza kujisimamisha. Ndani ya sekunde hizo mtu aondoe kompyuta mapajani, ainue kiti, ashike usukani. Hapo TLX ina cha kusema.

"Watu watano wanatosha." Fomula ya kukamata tatizo ni 1 − (1 − L)ⁿ: L ni uwezekano wa mtu mmoja kukutana nalo, n ni idadi ya watu. Nielsen na Landauer mwaka 1993 walipata L ya wastani 0.31, watano wanakupa karibu 0.84. Hiyo ilikuwa ni kwa violesura vya kompyuta. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi, watano wanalikamata kwa 0.41 tu. Na ndani ya gari matatizo mazito ni ya hao wachache: mfupi sana, mrefu sana, mjamzito, mwenye mgongo mbovu.

#18 NyongaKwanza
Hapo kwenye wachache ongeza Daniels, 1952. Marubani 4,063 wa jeshi la anga la Marekani, vipimo kumi vya mwili, na "wastani" ukipewa upana wa asilimia 30 ya katikati. Aliyekuwa wa wastani kwenye vyote kumi: hakuna hata mmoja. Kwa hiyo pesona yenye urefu wa wastani, mkono wa wastani na mguu wa wastani ni mtu asiyekuwepo. Kwenye RAMSIS au programu nyingine ya mwili wa kidijitali, tengeneza miili yenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, na kinyume chake. Hao ndio wanaogonga dari na wasiofika kitufe.

#19 Ngazi_Chini
Samahani kuingilia, maana wote mmemsahau abiria mmoja: anayetumia kiti cha magurudumu. Magari yasiyo na dereva yanatangazwa kwamba ni ukombozi kwake, halafu tazameni.

Nafasi ya kiti cha magurudumu kwa kanuni za Marekani ni mm 760 kwa 1,220. UN R107 ya mabasi inataka 750 kwa 1,300. Weka hiyo kwenye gari la mita 3.63 uone kinachobaki. Lakini nafasi si tatizo kubwa kuliko yote. Kiti cha magurudumu hufungwa kwa mikanda minne sakafuni, miwili mbele, miwili nyuma, kisha mkanda wa mtu mwenyewe. Anayeifunga leo ni nani? Dereva! Mkiondoa dereva mmeondoa na mikono yake. Wala hilo halitajitokeza kwenye ramani ya safari inayoanza na "anafungua mlango, anakaa".

Mabasi ya mjini yana njia nyingine: mtu anaegemeza kiti chake kwenye ubao mrefu akitazama nyuma, bila kufungwa. Inawezekana kwa sababu basi ni zito na mpunguo wake ni mdogo. Kwenye gari dogo haitoshi. Njia ya tatu ni kufuli ya sakafuni inayoshika chuma kilichowekwa kwenye kiti. Inafanya kazi vizuri, ila chuma hicho lazima kiwepo kwenye kiti cha kila abiria, na kinapunguza nafasi kati ya kiti na ardhi.

Asiyeona naye: skrini laini isiyo na alama, "anza safari" ataipapasa wapi? Kitufe cha kubonyea chenye umbo, kiko mahali pale pale kila gari. Si ombi kubwa.

#20 MchoraMistari
Ngazi_Chini, hili ndilo nililotaka litokee. Pesona tungeweza kuziandika ishirini bila kukumbuka mikono ya dereva.

#21 PaziaJeusi
Samahani mkuu, hapo unaipa zana lawama isiyo yake. Orodhesha kila kazi anayoifanya dereva wa teksi au basi ambayo si kuendesha: kufunga mikanda, kupakia mzigo, kumwamsha aliyelala, kuzuia ugomvi, kuona mkoba uliosahaulika, kusema "subiri pikipiki ipite" kabla mlango haujafunguliwa. Uchambuzi wa kazi ni zana ya siku nyingi. Watu hawakuitumia kwa dereva kwa sababu walishamwondoa kichwani mapema.

#22 Fagio_la_Zamu
Hiyo orodha ya #21 ni kazi yangu yote, nawaongezea. Teksi roboti si sebule ya mtu mmoja, ni chumba kinachotumiwa na watu wengi kwa siku, wasiojuana, na hakuna anayekitazama baada ya kila mmoja wao.

– Sakafu ya rangi nyeusi na kiti cheusi: simu nyeusi haionekani, kamera ya ndani nayo haiioni. Rangi ya kati, isiyo na michirizi.
– Mifuko ya nyuma ya viti iondoke. Kila mfuko ni shimo la takataka.
– Mshono kati ya kikalio na mgongo uzibwe. Makombo na sarafu hukimbilia hapo na kufika kwenye reli.
– Kifuniko cha kiti kivuliwe na kurudishwa kwa dakika chache bila spana.
– Kitambaa kipimwe moto pamoja na sponji yake. Kanuni ya Marekani, FMVSS 302, inaruhusu moto kutambaa kwa kasi isiyozidi mm 102 kwa dakika. Kitambaa kinachofaulu peke yake kinaweza kufeli kikishagundishwa.

Viti vya kuzunguka? Egemeo la chini linajaa mchanga kabla ya vitu vingine vyote. Mimi nasema hiyo ndiyo sababu ya magari halisi kubaki na viti vya kawaida, kuliko kichefuchefu na kuliko kilonyutoni.

#23 Kingo
Fagio, hapo unajivutia kamba. Gari lisilopita kanuni ya mkanda halifiki kwenye hatua ya kuchafuka.

#24 Fagio_la_Zamu
Na lililopita likichafuka kila saa halirudi barabarani. Tuko sare.

#25 Zamu_ya_Usiku
Kuna sababu nyepesi pia: magari mengi yasiyo na dereva yalijengwa juu ya gari lililokuwepo. Waymo, kampuni ya teksi zisizo na dereva, wanatumia Jaguar I-PACE, gari la kawaida lililoongezewa sensa. Viti vilikuja navyo. Hakuna aliyekaa akachagua kwamba abiria watazame mbele. Walichobuni kwa ajili ya abiria ni skrini inayomwonyesha gari linaona nini, kitufe cha kuanza, cha kusimama pembeni na cha kupiga simu ya msaada. Kwangu hapo pana usanifu wa kweli wa mtumiaji kuliko kiti kinachozunguka.

#26 Desimali
Lakini walikuwa na kale kagari kadogo kasiko na usukani, Firefly, kakastaafishwa 2017. Kwa hiyo kuna mahali uchaguzi ulifanyika.

#27 Mgeni_wa_Plaiwudi
Asanteni kwa shule. Swali la vitendo: ninataka kujenga kiunzi cha kupimia ndani ya gari, bila karakana kubwa. Nianzie wapi?

#28 NyongaKwanza
Anza na sakafu, usianze na kiti.

Sakafu plaiwudi ya mm 18 juu ya fremu, iwe juu ya ardhi kwa kimo halisi cha gari unalolibuni. Watu huiweka chini moja kwa moja, na hapo kipimo cha kuingia na kutoka kinakufa. Nguzo za alumini za mm 40 kwa 40 zenye mifereji, ili kila kitu kisogee kwa boliti. Dari na ukingo wa dirisha viwe ubao wa povu, vikatike kwa kisu. Viti viwe vya gari la kweli, kwa sababu povu la kiti cha ofisi linazama tofauti, na nukta ya nyonga (mahali kiungo cha nyonga kinapokaa) itakudanganya.

Nukta ya nyonga ipatikane kwa mashine ya SAE J826. Kama huna, mkalishe mtu unayejua vipimo vyake, pima kutoka alama ya nyonga yake hadi sakafuni na hadi kisiginoni, rudia mara tatu, kila mara asimame kabisa kabla ya kukaa tena. Tofauti ikizidi mm 10, tatizo ni mkao wake, mwongoze upya. Kisha vipimo vyote vianzie kwenye nukta hiyo: dari, skrini, kitufe. Ukivianzisha kwenye ukingo wa kiti, ukibadili kiti umepoteza kila kitu.

Milango usiiache. Nusu ya malalamiko hutoka kwenye kuingia: kichwa, goti, mkoba mkononi.

Na kila kitufe kipimwe mkanda umefungwa. Bila mkanda mtu huinama mbele bila kujua, na kitufe kisichofikika kinaonekana kinafikika.

#29 Tufe165
Si bora avae tu miwani ya uhalisia pepe? Anabadili mambo ya ndani kwa sekunde.

#30 PaziaJeusi
Kwa rangi, mwanga na mpangilio, ndiyo. Kwa nafasi, hapana: watu kwenye miwani huona umbali mfupi kuliko ulivyo, kwa hiyo watalalamika gari ni dogo. Dawa ni kuchanganya, miwani juu ya kiunzi cha #28, picha ya ukuta ilale juu ya ukuta wenyewe. Weka alama tatu zisizosogea kwenye fremu na uoanishe upya kabla ya kila mshiriki. Mkono ukigusa ubao sentimita mbili kabla ya jicho kuuona, mwili unakataa na unaanza kupima kosa lako.

#31 Mgeni_wa_Plaiwudi
Nimekusoma. Lakini kiunzi hakisogei, si tunarudi kwenye kosa la ofisini alilosema BintiMawimbi?

#32 BintiMawimbi
Ndiyo. Kiunzi kijibu mambo ya kufikia, kuingia, kuona na kuwekea vitu. Kichefuchefu kipime ndani ya gari dogo la abiria lenye nafasi nyuma: viti viwili, kimoja kinatazama mbele kimoja kinatazama nyuma, njia ile ile, dereva yule yule, kazi ile ile ya kusoma, dakika 40. Kila mtu akae vyote viwili kwa siku tofauti, nusu waanze na kinachotazama nyuma. Wasile sana wala wasiwe na njaa.

#33 MchoraMistari
Hapo ndipo ninapokwama mimi. Nikimpeleka kwenye gari hilo atasema "sitaki kutazama nyuma". Nikimuuliza ofisini atasema "napenda kutazamana na wenzangu". Lipi ni hitaji la mtumiaji?

#34 Ngazi_Chini
Yote. La pili linahusu watu, la kwanza linahusu kiti. Viti vya kando kwa kando vilivyogeuzwa kidogo kuelekeana, kwa digrii 10 hadi 15, mmevijaribu? Uso unaonekana, barabara inaonekana.

#35 Kingo
Pembe ndogo hivyo mkanda unaweza kuibeba bila mchezo mkubwa. Ila goti linasogelea mlango. NyongaKwanza, piga hesabu.

#36 NyongaKwanza
Goti la mm 660 kutoka mgongo wa kiti, likigeuzwa digrii 15 na egemeo likiwa mgongoni, linasogea pembeni mm 171. Likielekea katikati, mlango hauguswi. Yanayoumana ni magoti ya hao wawili, kila mmoja mm 171 kuelekea kwa mwenzake. Kwa digrii 10 ni mm 115 kila mmoja. Mgeni, ukishaweka nguzo, anza na 10.

#37 Mgeni_wa_Plaiwudi
Naanza na 10. Nitaleta vipimo humu humu. BintiMawimbi, kwenye lile jaribio la dakika 40, niandae nini cha ziada?

#38 BintiMawimbi
Mifuko miwili ya kutapikia kwa kila mtu, maji, dirisha linalofunguka, na mahali pa kusimama kila baada ya kilomita mbili. Na usimruhusu aendeshe kwenda nyumbani mpaka MISC irudi 0.